Jasho Lidondokalo na Jasho Likaukalo

Katika nyumba nyingi za Shinyanga pana mtungi wa udongo uliowekwa pembeni, mahali pa kivuli, nao umejazwa maji ya kunywa. Mwezi wa Septemba, wakati nyasi zimekauka na upepo wavuma mchana kutwa juu ya mbuga, maji ya mtungi huo huwa baridi hata meno yauma. Lakini mvua zikiisha kuanza, mwezi wa Desemba au wa Januari, maji ya mtungi ule ule, uliowekwa mahali pale pale, hayapoi tena kama yalivyopoa. Mtungi haukubadilika. Hewa ndiyo iliyobadilika.

Udongo uliochomwa una vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Maji hupenya polepole katika vitundu hivyo mpaka yakafika upande wa nje, na hapo hugeuka kuwa mvuke na kwenda zake hewani. Wala maji hayawezi kugeuka kuwa mvuke bure. Hayana budi kuchukua joto kwanza, na joto hilo huchukuliwa katika mtungi wenyewe na katika maji yaliyobaki ndani. Ndiyo sababu yapoa. Wakati wa kiangazi hewa ina kiu, hupokea mvuke wote inaopewa. Wakati wa mvua hewa imekwisha kunywa ikashiba, haipokei tena ila kidogo. Hapo maji hukaa juu ya udongo, huungana matone, hutiririka chini, na mtungi haupoi.

Mwili wa mtu, na wa farasi, na wa punda, hujipoza kwa njia hiyo hiyo ya mtungi. Jasho ndilo maji, na ngozi ndiyo udongo. Mwanafunzi akiisha kushika jambo hili moja, ya kuwa jasho likaukalo juu ya ngozi ndilo lipozalo, na jasho lidondokalo chini ni maji yaliyopotea, basi mengine yote ya somo hili yatakuwa mepesi kwake.

Huenda mtu akadhani kwamba joto limpatalo afanyapo kazi latoka katika jua peke yake. Sivyo. Misuli ya mwili ni kama mafiga matatu na moto wake: chungu chapata sehemu ndogo ya moto ule, na sehemu kubwa yaenea jikoni kote. Katika nguvu zote za chakula zitumiwazo na misuli, kadiri ya sehemu moja katika nne au tano ndiyo igeukayo kuwa mwendo na kazi; zilizobaki zote huwa joto. Mnyama akimbiaye, au avutaye plau, ajipasha moto kwa ndani, hata kama mbingu zimefunikwa na mawingu. Joto hilo lisipopata mlango wa kutokea, damu yazidi kuwa moto, na ubongo na moyo vyaharibika.

Mnyama aliyechunguzwa kuliko wengine katika jambo hili ni farasi. Watoto wengi wa Usukuma hawajamwona farasi ila katika picha, na sababu yake yajulikana. Mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo, hueneza ugonjwa uuao farasi upesi kuliko ng'ombe. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi yaliyotoka Afrika Kusini yaliingia nchi hii na maelfu ya farasi na nyumbu. Mwezi wa Aprili mwaka huo wapanda farasi walifika Kondoa Irangi katika mvua kubwa, na njiani farasi wao wakafa wengi mno, kwa mbung'o, kwa maradhi mengine, na kwa kazi ngumu pasipo chakula cha kutosha. Baada ya vita hiyo, katika miaka ya 1920, Bwana C. F. M. Swynnerton alianza kazi ya kupigana na mbung'o Shinyanga, akishirikiana na watemi na watu wao, ambao walitoka kwa maelfu kwenda kufyeka vichaka. Bwana huyo alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1938. Vichaka vilipokwisha mbung'o alikimbia, na ng'ombe wakaongezeka. Lakini kivuli nacho kilikwenda pamoja na miti, na habari ya kivuli itarudi tena mbele.

Tumtazame farasi, basi. Farasi mzima ana uzito wa kilo 450 au 500, na ngozi yake, kama ingetandazwa, ingefunika kadiri ya mita za mraba tano. Mtu mzima ana kilo 60 au 70, na ngozi yake ni karibu mita za mraba mbili kasorobo. Fanya hesabu, nawe utaona kwamba kila mita ya ngozi ya mtu ina kilo kama 37 za kupoza, lakini kila mita ya ngozi ya farasi ina kilo kama 100. Farasi ni nyumba kubwa yenye madirisha machache. Mbio zake ni kali, misuli yake ni mingi, na joto lake la kawaida, lililo karibu na digrii 38, laweza kupanda hata digrii 42 katika kazi ngumu.

Kwa ajili ya hayo farasi amepewa jasho jingi kuliko karibu wanyama wote. Katika kazi ngumu wakati wa joto aweza kutoka jasho la lita 10 hata 15 kwa saa moja, yaani zaidi ya nusu ya debe. Tena jasho lake lina jambo la ajabu: hufanya povu, kama maji ya sabuni. Povu hilo laonekana shingoni ambapo hatamu zasugua, na katikati ya mapaja. Ndani ya jasho hilo mna protini iitwayo latherini, nayo kazi yake ni kama ile ya sabuni. Manyoya ya farasi yana mafuta, na maji matupu yangeteleza juu yake yakaanguka. Lakini kwa latherini jasho hutambaa, hulowesha kila unywele, likapata nafasi pana ya kukauka.

Lakini neema hiyo ina gharama yake. Jasho la mtu lina chumvi kidogo kuliko damu yake. Kwa hiyo mtu akitoka jasho jingi, damu yake iliyobaki huzidi kuwa na chumvi, na chumvi hiyo ndiyo impayo kiu. Jasho la farasi lina chumvi kama damu yenyewe, au hata kupita. Farasi apoteza maji na chumvi pamoja, damu yake haizidi kuwa na chumvi, na kiu haimjii. Asimama kando ya maji naye amekauka ndani, asinywe. Mchungaji asiyejua jambo hili husema, "Hana kiu, twende." Ajuaye humpa chumvi pamoja na chakula chake, ili arudishiwe kile alichopoteza na kiu yake iamke.

Sasa, mnyama huyu akitolewa katika nchi ya baridi au ya ukavu, akapelekwa katika nchi ya joto na unyevu, itakuwaje? Swali hili liliwasumbua watu wengi kabla ya mwaka 1996. Mwaka 1992 michezo ya Olimpiki ilifanyika Barcelona, Uhispania, na farasi kadhaa walichoka vibaya kwa joto katika mbio za nyikani. Michezo iliyofuata ilikuwa imepangiwa Atlanta, Marekani, katika mwezi wa Julai, na hewa ya Atlanta wakati huo ni moto na yenye unyevu mwingi. Wako waliosema kwamba si halali kuwapeleka farasi huko.

Hapo wataalamu wakaanza kazi. Katika mji wa Newmarket, Uingereza, farasi waliwekwa katika chumba kilichopashwa moto hata digrii 30, na hewa yake ikatiwa mvuke hata ikawa na sehemu 80 katika 100 za mvuke iwezayo kubeba. Wakatembezwa na kukimbizwa humo juu ya ukanda uzungukao, zaidi ya saa moja kila siku, siku 15 mfululizo. Wengine walijaribiwa Guelph, Kanada, kwa muda wa majuma matatu. Farasi walipimwa joto, mapigo ya moyo, na jasho.

Yaliyoonekana ni haya. Katika siku za kwanza maji yaliyo ndani ya damu huanza kuongezeka. Damu ikiwa nyingi, moyo waweza kupeleka sehemu yake kwenye ngozi ili ipozwe, na sehemu yake kwenye misuli ili ifanye kazi, pasipo ugomvi kati ya hizo mbili. Kisha mwili wajifunza kushika chumvi yake, na chumvi ipoteayo katika jasho hupungua. Tena joto la mwili wakati wa kupumzika hushuka kidogo, na kwa hiyo mnyama aanza kazi akiwa mbali zaidi na mpaka wa hatari. Mwisho wa majuma mawili farasi yule yule, kwa kazi ile ile, katika hewa ile ile, hafikii joto alilofikia siku ya kwanza upesi kama mwanzo, na mwendo wake ni mwepesi.

Lakini wataalamu wale waliona jambo jingine, nalo ni la kukumbukwa kuliko hayo. Farasi aliyezoea hakuwa sawa na farasi akimbiaye katika hewa baridi. Kuzoea kulimsaidia, hakukumwokoa. Hewa iliyoshiba maji imeshiba. Haiulizi kama mnyama ni mwenyeji au mgeni. Kwa sababu hiyo wasimamizi wa Atlanta hawakuridhika na kuwazoeza farasi peke yake. Walifupisha njia, wakaongeza mahali pa kupumzika, wakatengeneza vivuli na mapanga makubwa ya upepo yenye kurusha maji membamba kama ukungu. Mashindano yakafanyika bila msiba ule uliohofiwa. Hata Tokyo mwaka 2021, mbio za nyikani zilifupishwa na kuanzwa asubuhi.

Jambo moja la desturi lilivunjwa katika kazi hiyo. Huko Ulaya watu waliamini miaka mingi ya kuwa maji baridi yakimwagwa juu ya farasi mwenye joto yatamkaza misuli na kumwua. Imani hiyo hukutwa hata kwa wachungaji wa hapa kwetu. Ilipojaribiwa haikuonekana kuwa kweli. Farasi waliomwagiwa maji ya baridi mwili mzima, tena na tena bila kukoma, walipoa upesi na hawakudhurika. Na sababu yake si ngumu kufahamu. Katika hewa ya unyevu jasho halikauki, lakini maji yaliyo baridi kuliko ngozi hayangoji kukauka. Huchukua joto kwa kuigusa ngozi tu, yakaanguka nalo chini. Hapo ndipo maji yadondokayo yafaapo.

Turudi Usukuma, ambako farasi hayuko, lakini kazi iko. Maksai ndio wavutao plau, na punda ndio wachukuao maji kutoka lamboni. Wanyama hawa wawili hawafanani na farasi, wala wao kwa wao.

Ng'ombe hutoka jasho, lakini kidogo kuliko farasi, naye hujisaidia kwa kuhema. Ng'ombe wa asili wa nchi hii, mwenye nundu, amejengwa kwa joto: manyoya yake ni mafupi na laini, ngozi yake ni pana na yaning'inia shingoni, na tezi zake za jasho zatoa zaidi kuliko za ng'ombe wa Ulaya. Tena usiku huachilia joto alilolikusanya mchana. Lakini mtazame katika majira ya kulima. Miezi ya Agosti, Septemba na Oktoba alipumzika, na chakula kilikuwa haba, akakonda. Mvua ya kwanza yanyesha mwezi wa Novemba. Udongo mweusi wa mbuga washika plau kama gundi. Hewa iliyokuwa kavu juzi, leo imejaa mvuke. Na siku hiyo hiyo, kwa kuwa kila mtu ataka kupanda upesi, maksai atiwa nira alfajiri asifunguliwe mpaka jua la utosi. Mambo manne mazito yamemfikia kwa siku moja: udhaifu, kazi kubwa, joto, na unyevu, naye hakupewa hata juma moja la kuyazoea.

Tuseme kijana mmoja wa Kishapu ana jozi mbili za maksai. Akiwa na akili hatangoja mvua. Majuma mawili kabla, awafunga nira asubuhi na kuwatembeza wakivuta gogo jepesi, leo nusu saa, kesho kutwa saa moja, mpaka pumzi yao imerudi. Mvua ikinyesha alima toka mapambazuko hata saa nne hivi, kisha awapeleka kivulini wanywe, na jioni jua likipoa aongeza kidogo. Jirani yake aliyelima mpaka saa saba atamcheka kwa siku tatu za kwanza. Siku ya nne maksai wa jirani yule walala katika mtaro, ulimi nje, mate yanatiririka, na kiboko hakiwainui.

Na kivuli atakipata wapi? Hapa ndipo habari ya miti yarudi. Sehemu kubwa ya Shinyanga ilibaki tupu baada ya miti kufyekwa kwa ajili ya mbung'o, na baadaye kwa ajili ya mashamba ya pamba na kuni. Mwaka 1986 serikali ilianzisha kazi ya kuhifadhi udongo, iliyoitwa HASHI, na watu wakarudia desturi yao ya zamani ya ngitili, yaani kutenga sehemu ya malisho na kuifunga wakati wa mvua, ili nyasi na miti vipate kuota na mifugo ipate chakula wakati wa kiangazi. Watu huisifu ngitili kwa nyasi zake, nao wasema kweli. Lakini mti mmoja wa mgunga juu ya maksai wanne waliofunguliwa nira saa nne ni kazi ya ngitili vile vile. Mnyama aliye kivulini hana haja ya kutumia maji yake kulipa deni la jua.

Punda ana tabia nyingine. Asili yake ni nchi kavu za kaskazini mashariki ya Afrika, na huko maji ni adimu. Jasho lake ni kidogo kuliko la farasi, na aweza kuvumilia kupungukiwa maji hata robo ya uzito wake, kisha akifika kisimani akayanywa karibu yote kwa dakika chache. Kwa hiyo katika kiangazi cha Shinyanga hapana mnyama wa kumshinda. Uvumilivu huo ndio umponzao. Maksai akichoka hulala chini, na farasi hutoka povu. Punda husimama tu, masikio nyuma, na watu hudhani ni mkaidi. Hewa ya unyevu haimfai kama hewa kavu, na mzigo wake haupunguzwi wakati wa mvua, bali huongezwa. Akianza kujikwaa mahali pasipo na jiwe, asipigwe, bali atuliwe mzigo.

Kuna kiumbe mmoja tena afanyaye kazi katika hewa iliyoshiba, naye hangoji mvua. Huyo ni mchimbaji wa dhahabu. Katika nchi ya Geita dhahabu ilichimbwa tangu miaka ya 1930 mpaka 1966, na machimbo makubwa ya sasa yalifunguliwa mwaka 2000. Bulyanhulu, upande wa Kahama, machimbo ya chini ya ardhi yalianza kutoa dhahabu mwaka 2001. Zaidi ya hayo wako wachimbaji wadogo, maelfu kwa maelfu, wenye maduara yao Nyarugusu, Mgusu, Rwamagasa na kwingineko.

Kadiri mtu ashukavyo ardhini ndivyo miamba izidivyo kuwa na joto. Maji huchuruzika katika kuta, na mahali pa mashine za kutoboa miamba maji hurushwa ili kuzuia vumbi. Pumzi za watu nazo zina mvuke. Kama hapana upepo ulioletwa kwa mashine, hewa ile yashiba upesi, na mtu aweza kulowa jasho toka kichwani hata miguuni, likamdondoka kama mvua, naye asipoe hata kidogo. Mgeni akimwona husema, "Jasho lamtoka vizuri." Lakini jasho lile halimsaidii, maana halikauki.

Neno hili lilijulikana kwa msiba. Katika machimbo ya Afrika Kusini, watu walianza kufa kwa kiharusi cha joto mwaka 1924. Walioanguka walikuwa hasa wageni, vijana wenye nguvu waliotoka vijijini, waliotiwa siku za kwanza katika kazi ya kupakia mawe kwa sepetu. Katika miaka ya 1930 daktari mmoja wa machimbo ya City Deep, Johannesburg, jina lake Dreosti, aliwaweka wafanya kazi wapya katika chumba cha joto na unyevu, wakapakia mawe humo huku joto la miili yao likipimwa. Akaona kwamba watu hawalingani: wengine miili yao yapanda joto upesi, wengine polepole. Basi wakawekewa kanuni, kwamba mgeni aanze kwa kazi nyepesi, nayo iongezwe siku kwa siku, kwa kadiri ya majuma mawili. Vifo vikapungua. Yafaa kukumbuka kwamba hata vijana wa kusini mwa Tanganyika walikwenda kufanya kazi katika machimbo ya nchi hiyo kabla ya uhuru.

Mwili wa mtu huzoea joto kama wa farasi, ila kwa mtu jasho nalo huongezeka, tena huanza mapema, kabla mwili haujawaka. Lakini mazoea hayo si mali ya kudumu. Mtu akikaa nyumbani majuma matatu au manne, sehemu kubwa ya mazoea hupotea, naye arudipo shimoni yampasa kuanza tena kama mgeni. Jambo hili wengi hulisahau. Mchimbaji aliyeshuka miaka kumi, akaenda kwao kulima mwezi mzima, siku ya kurudi hujiona ni mzee wa kazi. Mwili wake haujui miaka yake kumi, wajua mwezi wake mmoja.

Mtu aliyepatwa na kiharusi cha joto huumwa kichwa, hutapika, hupepesuka kama mlevi, na maneno yake huwa ya kuchanganyikiwa. Asichekwe wala asilazwe akaachwa. Atolewe mahali pa joto, avuliwe nguo za juu, amwagiwe maji mwili mzima, na apepewe kwa nguvu bila kukoma, huku wengine wakitafuta njia ya kumfikisha kwenye zahanati. Kama fahamu zimempotea asinyweshwe kitu, maana maji yataingia mapafuni. Kupozwa kwanza, kisha safari: dakika za mwanzo ndizo zenye uzima wake. Lakini aliyezimia ndani ya duara, watu wasimrukie upesi kumfuata, kwa kuwa huenda si joto bali ni hewa mbaya, nayo itawaangusha wote mmoja baada ya mwingine.

JARIBIO. Chukua chupa mbili zilizo sawa, uzijaze maji ya kisima. Zizungushie zote mbili kitambaa kilicholoweshwa. Ya kwanza iweke dirishani penye upepo na kivuli. Ya pili itie ndani ya ndoo, tia maji kidogo chini ya ndoo, kisha uifunike kwa sahani. Baada ya saa mbili yaonje maji ya kila chupa. Fanya jaribio hili mara moja wakati wa kiangazi na mara moja wakati wa mvua, uandike tofauti katika daftari lako.

MASWALI. Chupa iliyo ndani ya ndoo imefanana na nani katika somo hili? Kwa nini farasi aliyetoka jasho jingi aweza kukataa maji, na mtu hawezi? Maksai wa baba yako walipumzika tangu Agosti, na mvua yatazamiwa baada ya siku 20. Andika kazi utakayowapa kila siku mpaka siku ya kulima. Ndugu yako arudi shimoni Geita baada ya kukaa nyumbani majuma matano. Mwandikie barua, umweleze jinsi atakavyoanza.